Bombay ya Paulina

Furushi la vitambaa lilichomoka juu ya keria ya basi pale Mikumi, likamkosa muuza mahindi kidogo tu, likatua miguuni mwa fundi matairi. Paulina akashuka mbio, gauni lake la njano limejaa vumbi, kilemba kimekaa upande.

"Pole, kaka! Limekuumiza?"

"Mimi mzima. Umebeba nini humu, dada, India yote?"

"Ndiyo. Nimetoka Bombay juzi."

Fundi, jina lake Maduhu, akacheka. Alipoona mwenzake hatanii, akalitwika furushi begani. "Enhe, kukoje huko?"

Paulina angeweza kusema kweli yote. Badala yake akasema, "Usiniulize. Uvundo, joto, watu kama siafu. Namshukuru Mungu nimerudi."

Miaka ile ya soko huria kila mwenye uthubutu alikimbilia ng'ambo kutafuta bidhaa, lakini mwanamke aliyesafiri peke yake alisemwa. Akilalamika, watu humhurumia. Akifurahi, ni mhuni. Paulina, mzaliwa wa kijiji cha Mamboya mwenye duka la vitambaa Kilosa mjini, alikuwa hodari wa kulalamika. Wala hakubuni. Bombay walimshika nywele bila kumwomba, wenye nyumba za wageni walimtazama usoni wakasema vyumba vimejaa, na maji ya mvua ya Julai yalimfika mapajani. Nusu hiyo ya mji ndiyo aliyorudi nayo nyumbani. Ile nyingine aliificha.

Mapenzi yakashika moto. Kila Jumapili Maduhu alipanda gari hadi Kilosa, shati limenyooshwa, mikono bado inanukia mpira. Paulina akiwa safarini, alimpigia kwenye kibanda cha simu Mikumi kwa saa waliyopatana.

"Mpenzi, umekula?"

"Wali na pilipili. Nimelia machozi."

"Rudi, mama. Mji huo utanimalizia mtu wangu."

"Narudi. Siupendi hata kidogo," alijibu, na huku mji mzima unapiga honi nyuma yake, alikuwa anatabasamu.

Mwaka wa pili Maduhu alileta wazee wake kutoka Kisanga kuposa. Wakubwa walizungumza sebuleni; Paulina, kama desturi, alifungiwa jikoni asisikie neno. Aliitwa mara moja tu.

"Wageni hawa unawafahamu?" baba yake akauliza.

"Nawafahamu," akajibu, macho chini, kanga mpya mabegani. Vigelegele vikapasua nyumba.

Wiki tatu baadaye alikwenda kwa shangazi yake Fausta, aliyemfundisha biashara na ndiye aliyekuwa akipanga safari za kina mama.

"Shikamoo, shangazi. Septemba tunaondoka tarehe ngapi?"

"Marahaba. Unaondoka kwenda wapi tena? Nafasi yako kaichukua Agnesi, na viza kapata."

"Nani kakwambia mimi siendi?"

"Wakwe zako, mbele ya baba yako. Walisema mwenzio kakutafutia fremu ya duka Mikumi, hutakanyaga tena Bombay. Ukaitwa, ukakubali."

"Niliulizwa kama nawafahamu!"

"Na ulitaka uulizweje? Sisi tulifurahi, mwanangu. Miaka yote unaulalamikia mji ule."

Siku hiyohiyo akashuka Mikumi. Alimkuta Maduhu anapaka fremu rangi ya bluu, nukta nukta puani.

"Ah, umewahi! Nilitaka uone ikishakauka."

"Nani alikutuma?"

"Wewe. Kila simu ulinituma."

"Nilikuwa nasema tu, Maduhu!"

"Unasema tu? Miaka miwili?"

Basi akayamwaga yote. Treni za asubuhi zenye behewa la wanawake peke yao, wanachambua mboga mapajani, mmoja akamsogezea nafasi bila kumjua. Mitaa ya vitambaa ambayo unatembea kutwa usiimalize. Kuwa mahali ambapo hakuna anayejua wewe ni binti wa nani. "Mji ule unanichosha, unanidhalilisha, na kila nikiuacha nalia uwanja wa ndege. Ndiyo kweli yenyewe."

Brashi ilikuwa inadondosha rangi kwenye viatu vya Maduhu, naye hakuona.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenikubali?"

Akafikiri. Hakuwa mtu wa kudanganya, na hilo ndilo lililowamaliza.

"Sijui. Lakini ningejua ninampenda nani."

"Unanipenda mimi! Nenda kamwambie shangazi anirudishie nafasi."

"Na wazee wangu niwaambieje, kwamba niliwatuma wakaseme uongo ugenini?" Akaweka brashi chini. "Paulina, mimi nilimpenda mwanamke anayetamani kurudi nyumbani. Wewe hapa unapendeza kumshinda yule, nakuapia. Lakini hukuniamini hata siku moja. Nitalala nawe nikiwaza ni lipi jingine unalonificha."

Maduhu akainama, akafunika kopo la rangi.

Posa ilivunjika mwezi huo, na mahari ikarudi Kisanga. Watu wa Mamboya walisema Bombay ilimharibu. Januari alipata nafasi yake tena, akafika Bombay, akapanda lile behewa la wanawake, na mama mmoja akamsogezea pa kukaa. Aliketi akaisubiri ile furaha yake, vituo vitatu, vinne, haikuja. Joto lilimchosha, uvundo ukamkera. Kwa mara ya kwanza alitamani kurudi nyumbani kwa moyo wake wote, na hakuwa na wa kumpigia simu kumwambia.