Halbadiri ya Golikipa

"Kauza mechi! Msaliti huyu!"

Kibao kikamshukia Machano shavuni, pale pale uwanja wa Mnazi Mmoja, watu wote wanaona! Aliyempiga ni mwenyekiti wa klabu yake, Mzee Makungu.

Fainali, mwaka 1969. Mpira ambao hata mtoto angeudaka ulimpita golikipa huyo kasimama tu... mikono imening'inia!

Hasan, beki wake na sahibu yake, akatazama chini.

Maana Hasan alikuwa anajua, jamani!

Asubuhi ile Machano alimvuta pembeni.

"Hasan, mie leo siwezi. Wiki ya tatu hii silali. Kifua kinabana, mikono inakufa."

"Hofu tu hiyo. Mwanamme mzima!"

"Mwambie Mzee Makungu aniweke nje. Mie nnaona haya."

"Haya, ntamwambia."

Hakumwambia. Golikipa wa akiba alikuwa mbovu, na Hasan alilitaka kombe.

Ijumaa, baada ya sala, klabu ikaamua isomwe halbadiri, dua ya kumwapiza aliyeuza mechi. Asiye na kosa haimgusi. Mwenye kosa aharibikiwe! Ubani ukafukizwa, wachezaji wote wakakaa jamvini.

Machano akaanza kutetemeka, machozi yanamtoka.

"Mnaona? Ishamshika!"

Hasan akafungua mdomo... akaufunga. Akisema, ataulizwa: ulijua, mbona ulinyamaza?

Tangu siku ile Machano hali, halali, hasemi na mtu. Na kila alivyozidi kuumwa, ndivyo watu walivyozidi kuamini kwamba aliuza!

Mwaka 1971 roho ikamsuta Hasan. Akenda Kizimkazi, kwao Machano, kumwomba radhi. Akamkuta barazani, kakonda, anaitazama mikono yake.

"Machano, mie nnajua hukuuza. Ulikuwa unaumwa. Uliniambia!"

Machano akatikisa kichwa.

"Niliuza, Hasan. Halbadiri haikosei. Ila mie sikumbuki... hebu nambie wewe. Nilimuuzia nani?"

Hasan alilia njia nzima mpaka mjini. Maji yalishamwagika.

Wasomaji wangu, Hasan ni mimi. Nina miaka sabini na tisa, na mpaka leo naona haya kuisimulia hadithi hii kwa kusema "mimi".

Mwenzako akikwambia hawezi, mwamini siku ile ile. Mimi nilichelewa miaka miwili, na Machano kafa bado anamtafuta aliyemnunua.