Kilimi cha Archange

Kila asubuhi, katika kambi ya Lushebere, Kétsia alichota maji kabla ya kwenda shule. Vita vilikuwa vimeifukuza familia yake kutoka Pinga mwaka uliotangulia. Siku moja aliporudi na bidoni lake la maji, alimkuta mama yake, Consolée, amempakata Archange, mtoto wa miezi minane aliyekuwa akikohoa tangu Jumapili. Mbele yao Papa Viateur alikuwa akinoa kisu. Kazi yake ilikuwa kukata kilimi, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa.

"Kétsia, kuja ukamate kichwa ya mutoto," mama alisema. "Kilimi yake iko murefu. Ndiyo inamukoholesha."

Kétsia hakusogea. "Mama, ule mutoto wa jirani, Mama Mukamurenzi, walimukata kilimi. Alitoka damu siku nzima, na mpaka leo anakohoa."

"Siku hizi watoto ndio wanafundisha wazee," Viateur alisema, akacheka kinywa wazi.

Kétsia alimchungulia kinywani. "Papa Viateur, kilimi yako ingali iko. Juu ya nini hawakuikata?"

"Yangu haina ubaya."

"Na ya Archange, uliiona ubaya gani?"

Viateur aliinamia kisu chake, akaendelea kunoa. Consolée akakumbuka kwamba mzee huyo hakuwa hata amemfungua mtoto kinywa. Uso wake ukabadilika kwa hasira. Alimfunga mwanawe mgongoni, akaondoka bila kuaga, Kétsia nyuma yake.

Kwenye zahanati, muuguzi Drocella alihesabu pumzi za mtoto. "Ugonjwa uko kwenye mapafu," alisema. "Kilimi hakina kosa."

"Basi kina kazi gani?" Kétsia aliuliza.

"Meza mate. Umesikia kitu kikipanda? Ndani ya kilimi mna msuli mwembamba. Unapomeza, kinavutwa juu pamoja na kaakaa laini, njia ya pua inafungwa, chakula hakipandi puani. Tena kimejaa vitezi vidogo, vidogo kuliko mbegu za mboga ya lengalenga, vinavyolowesha koo."

"Vyote hivyo, na wanavikata tu?"

Archange alipewa dawa. Siku ya tano alinyonya bila kukohoa.

Drocella alipomsikiliza kifua mara ya mwisho, hakutabasamu. "Watoto wengine wananifikia wamekwisha kukatwa kilimi, wamechelewa," alimwambia Consolée. "Mwili hauna nyama ya bure, Mama. Hata kipande kidogo kimeumbwa kwa kazi yake. Asiyeijua kazi hiyo asimguse mtoto."