Kesho, Mama

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi bomba, mtu asiyejua kuongopa. Mama yake alipougua alimpigia simu kila siku: "Mwanangu, njoo nikuone."

"Kesho, mama."

Kesho ikazaa kesho, mpaka mama akazikwa bila kumwona.

Mwezi mmoja baadaye, mchana kweupe, alikwenda nyumbani kwa marehemu kuchukua kitanda chake. Akiwa anahangaika na kufuli, alisikia mtu akifagia ndani, polepole, kisha sauti dhaifu anayoijua: "Ngoja mwanangu, namalizia."

Kufuli likafunguka, akausukuma mlango, akaingia hadi chumba cha ndani. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa, giza totoro.

"Mama, nimekuja!"

Akapapasa ukutani, mkono ukagusa fagio. Mpini wake ulikuwa bado na joto la kiganja.