Mkate wa Jana

Asubuhi ile duka la mikate lilijaa wateja mpaka mlango ukakataa kufungwa. Kulikuwa na wauguzi wanaoingia zamu, walinzi wanaotoka zamu, akina mama na watoto wao wenye sare za shule, na kila mmoja alijiona ana haraka kuliko wenzake. Harufu ya mkate wa moto ilitoka hadi barabarani ikawavuta hata waliokwisha kunywa chai kwao.

Nyuma ya kaunta alisimama mwenye duka, binti mwenye kilemba cha rangi ya chungwa, aproni nyeupe na unga kwenye nyusi. Wateja walimwita Hamira, kwanza kwa kuwa hapakuwa na donge la unga lililowahi kumgomea, na pili kwa kuwa akikasirika huumuka palepale. Juu ya kichwa chake palikuwa na kibao alichokiandika baba yake, mwoka mikate mstaafu: MKATE WA JANA HAUUZWI HAPA. Kwa ajili ya kibao hicho tanuri la duka lile halikuzimwa, iwe Jumapili, iwe sikukuu, iwe mwenyewe ana homa.

Ndipo akaingia mwanamume mmoja, akijipenyeza katikati ya watu na sanduku la mbao mkononi.

"Foleni, kaka! Foleni hiyo!" Wateja wakamjia juu.

"Jamani, mimi sinunui kitu."

"Hununui, umekuja kunusa?" Hamira akamuuliza.

"Nimekuja kutibu mizani. Si ulipiga simu ukasema inaumwa?"

Watu wakacheka, na Hamira akajikuta anacheka nao ingawa hakupanga. Fundi mizani alikuwa mrefu, shati lake la buluu limepigwa pasi likanyooka, na mkanda wake ulikuwa na matundu mapya aliyoyatoboa kwa msumari, kwa kuwa yale ya kiwandani yalikuwa yamebaki mbali na tumbo. Akafungua sanduku, akapanga mawe yake ya shaba juu ya mizani, akainama kutazama mshale.

"Dada, mizani yako ina huruma mno. Kila anayepimiwa hapa anaondoka na nyongeza."

"Iache na huruma yake!" bibi mmoja akapaza sauti kutoka kwenye foleni.

Alipomaliza kazi, Hamira alimpa skonzi ya moto kwenye karatasi. Fundi aliipokea, akaisogeza puani, akafumba macho kwa muda ambao haukuwa wa kawaida, kisha akairudisha.

"Samahani, dada. Mimi na ngano tumeachana."

"Mligombana nini?"

"Daktari ndiye aliyetuachanisha. Mkate, wali, viazi, sukari, wanga wote. Amesema kisukari kimeshafika mlangoni kwangu, kimebakiza kupiga hodi."

"Pole. Sasa unakula nini, haya mawe?"

"Mayai, samaki, nyama, mboga za majani. Na harufu. Harufu haina wanga, niliuliza."

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mizani ilipona siku ileile, lakini fundi hakuacha kuja kuijulia hali. Mara alisahau jiwe, mara alikuwa anapita tu, ingawa karakana yake ilikuwa upande wa pili wa mji na hakuna njia inayopita pale. Akija alikaa juu ya gunia la unga, akinusa na kusimulia habari za karakana na za kaka yake, na Hamira alianza kuvaa hereni kazini. Jioni zikawa za simu.

"Umekula nini leo, mpenzi?"

"Mayai."

"Na jana?"

"Mayai vilevile. Kesho nataga."

"Wewe! Ukitaga niletee, nina keki za kuoka."

"Nitakuletea mwenyewe. Hamira, Jumapili twende bustanini tukatembee. Funga duka siku moja tu, laazizi, nikuone bila unga usoni."

"Nifunge? Thubutu! Tanuri likipoa siku moja, wateja watajifunza njia ya duka lingine. Na nikiionja Jumapili moja, ya pili itajileta yenyewe. Najijua."

"Haya, nimekuelewa," akajibu, na hakumsumbua tena. Jumapili alikuja yeye, akakaa juu ya gunia lake.

Ilipofika wakati wa fundi kwenda kujitambulisha kwa wazazi, ndipo shida ilipoanza. Nyumbani kwa akina Hamira hawakuwa watu wa kutamkiana nakupenda. Baba alipomposa mama alimletea mkate. Dada zake walipoleta wachumba, baba alikata mkate uliookwa na binti mwenyewe, akampa mgeni kipande cha kwanza kwa mkono wake, na mgeni akala baba akimtazama usoni. Mchumba mmoja aliacha ganda kando ya sahani, na mpaka leo, ana watoto wanne, baba mkwe bado anamtazama kwa jicho la ganda lile.

"Kipande kimoja tu, mpenzi," Hamira alimbembeleza kwenye simu. "Jipe ofu siku hiyo. Hata askari ana ofu. Hata huyo daktari wako ana ofu!"

"Mimi sina, Hamira. Niombe kingine chochote."

"Mbona wenzako wanajipa siku moja kila wiki, wanakula wanachotaka, kesho yake wanaendelea?"

"Huenda wao wanaweza."

"Kwa hiyo mkate wangu ni sumu?"

"Sikusema hivyo."

"Hujasema, lakini ndivyo ilivyosikika." Akakata simu. Iliumuka hasira, ikashuka, akapiga tena mwenyewe, maana hakujua kulala amenuna.

Akapata wazo. Alinunua lozi, akazisaga, akachanganya na mayai bila hata chembe ya ngano. Mkate uliotoka ulikuwa bapa, mweusimweusi, mzito kama tofali. Aliona haya kuutoa jikoni. Lakini fundi alipouonja alikula vipande vitatu amesimama, macho yamemlowa.

"Hamira, huu ni mkate! Nitaula huu mbele ya baba yako na makofi nitapiga."

"Ni mzito."

"Uzito ni kazi yangu, niachie mimi," akasema, akiurusharusha kidogo mkononi kama alivyozoea kufanya na mawe yake.

Mambo yangeishia hapo, na mimi nisingekuwa na la kusimulia. Lakini asubuhi ya kwenda kwa wazazi, Hamira aliutazama mkate wa lozi uliotoka tanurini, akawaza macho ya baba yake, mtu aliyemfundisha kukanda tangu akiwa anasimama juu ya kreti ili aifikie meza. Angemwekea tofali lile? Akachanganya mwingine. Safari hii akaongeza ngano kiganja kimoja ili ushikane, cha pili ili uumuke, na cha tatu kwa kuwa mkono ulikwisha kuzoea njia. Mkate ukapanda ukapendeza, ganda la dhahabu. Hatajua, akajiambia. Na kidogo hakidhuru.

Fundi alikuja na suruali ya kijivu yenye mikunjo kama makali ya kisu, na kofia aliyoivua mlangoni.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, mama."

"Marahaba, karibu mwanangu, karibu ukae."

Mazungumzo yalikwenda vizuri. Baba alipenda watu wenye ufundi mikononi, na walikwisha fika kwenye mizani za zamani na udhaifu wa za siku hizi pale mama alipoleta mkate kwenye kitambaa cheupe. Baba akakata. Akanyoosha mkono.

Fundi akapokea kipande. Kikakaa kiganjani mwake. Hamira akaona vile vidole vikikirusha kidogo, mara moja, halafu mara ya pili. Fundi akamtazama. Hakukasirika usoni, alionekana tu kama mtu aliyesikia hodi mlangoni.

Akakirudisha kipande kwenye kitambaa, taratibu.

"Nisamehe, baba. Sitaweza kula."

"Una neno na mkate wa binti yangu?"

"Hapana, baba. Mkate ni mzuri. Kosa ni langu."

Mama akaanza kuulizia chai ambayo kila mtu alikuwa nayo. Na Hamira, ambaye sentensi moja tu ingemwokoa mwenzake, alikaa kimya kama maji mtungini, akitazama kitambaa.

Fundi alipoaga, Hamira alimkimbilia hadi getini.

"Ulijuaje?"

"Mkate wa lozi wa ukubwa ule ungenielemea mkono. Huu ulikuwa mwepesi, Hamira."

"Ilikuwa ngano kidogo tu..."

"Unamjua kaka yangu. Unajua ana mguu mmoja. Hukuwahi kuniuliza kwa nini, nami sikupenda kusema. Aliambiwa kama mimi, akaacha wanga kama mimi. Kisha akajipa ofu Jumapili moja. Halafu ikawa Jumapili na siku za harusi. Halafu na misiba, maana huwezi kukataa chakula cha msiba. Mwisho ofu ndiyo ikawa kazi, na masharti ndiyo yakawa ofu." Akavaa kofia. "Kama ningeamua kujipa siku, ningeamua mwenyewe. Wewe umenipa bila kuniambia."

Akaondoka. Hamira alibaki ameshika geti.

Simu alizopiga baadaye hazikupokelewa. Mikate iliendelea kutoka, lakini bibi wa foleni alilalamika kwamba skonzi zimeingia chumvi nyingi, na hakukosea. Hamira alikuwa amezoea kumwona mtu juu ya lile gunia. Alimpenda, na alikuwa amemwacha mtu huyo abebe aibu isiyo yake mbele ya baba yake. Hilo ndilo lililomnyima raha kuliko yote.

Hatimaye alikwenda kwa wazazi, akakaa pale pale alipokaa siku ile.

"Baba, yule hakuudharau mkate. Mimi ndiye niliyemdanganya." Akaeleza yote, lozi, ngano, mguu wa kaka mtu.

Baba alisikiliza, masharubu yakimcheza.

"Kwa hiyo umemtegea mtu mezani kwangu, kwa mkono wangu?"

"Ndiyo, baba."

"Naye akaamua nimwone yeye mshenzi, nisije nikakuona wewe mwongo?"

"Ndiyo."

"Sasa hapa unatafuta nini, badala ya kumfuata?"

"Kesho nina kazi dukani, baba, kisha nitaangalia..."

"Mwanangu," mama akadakia, "wewe ulimwomba kijana wa watu ajipe ofu. Yako umejipa lini?"

Hamira alikumbuka maneno yake mwenyewe kuhusu Jumapili ya kwanza na ya pili, na jinsi fundi alivyosema amemwelewa, kwa kweli akamwelewa, wala hakumchanganyia kitu.

Kesho yake wateja walikuta mlango umefungwa na karatasi imebandikwa: LEO TUMEPUMZIKA. Bibi wa foleni aliisoma mara mbili, akauliza kama kuna msiba.

Karakana ya fundi ilikuwa chumba kirefu chenye mizani za kila aina zikining'inia darini, na harufu ya mafuta ya mashine. Fundi alikuwa anasugua sahani ya shaba. Kaka yake alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, magongo yameegemezwa ukutani. Hamira akaingia na gauni la kijani lenye mikono mipana, usoni hamna hata chembe ya unga, mikononi trei la mayai.

"Shikamoo, kaka," akamwamkia mkubwa kwanza. Kisha akamgeukia mwenzake. "Nimekuletea mayai. Upumzike kutaga."

Fundi alijitahidi kununa, akashindwa mdomoni kabla ya kushindwa machoni.

"Nani yuko dukani?"

"Hakuna. Nimezima tanuri."

"Umezima tanuri?"

"Na wateja wahame wakitaka. Nimekuja kukuomba msamaha, na siwezi kuomba msamaha huku naangalia saa. Nilikudanganya kwenye kitu ambacho ni uhai wako. Nilikuonea haya wewe na mkate wako wa lozi, nikakuacha udhalilike nikiwa nimekaa. Baba nimemwambia kila kitu. Nisamehe."

Kaka mtu akakohoa. "Msamehe upesi, mayai yanamchosha mikono."

Fundi akalipokea trei, akaliweka kwenye mizani kubwa bila kujua anafanya nini, mshale ukacheza wao wakitazamana. Hapo akamshika mikono yote miwili.

"Ningekupigia leo. Nilikuwa na hasira, halafu nikawa na aibu ya kuwa na hasira muda mrefu. Hata kwa daktari nilikwenda."

"Unaumwa?"

"Nilikwenda kuuliza habari ya ofu. Kasema kwa mtu mwenye tabia ya familia yetu, ofu ya kila wiki ni kujitafutia balaa. Lakini kipande kimoja cha mkate, siku moja, kisha nirudi kwenye mayai yangu, hakitanidhuru. Shida ni kuchagua siku."

"Chagua sikukuu."

"Sikukuu hurudi kila mwaka. Mimi siku zinazorudi naziogopa. Nataka siku inayokuja mara moja tu maishani. Nile kipande hicho mkononi mwa baba yako, mbele ya watu wote, wewe umekaa pembeni yangu umevaa nyeupe. Kama utakubali, mpenzi wangu."

"Kuna wengine huwajia mara tatu!" kaka mtu akasema dirishani.

"Nyamaza, kaka!" wakamjibu kwa pamoja.

Hamira alikuwa analia na kucheka, hajui lipi litangulie. "Nimekubali. Lakini siku ya harusi yangu sitasimama tanurini, uelewe. Nitalizima."

"Lizime. Sasa mkate wangu utatoka wapi?"

Hamira akafikiri. Akakiona akilini kibao cha kule dukani, na mwandiko wa baba yake, na maisha yake yote ya kuamka kabla ya jogoo ili kibao kile kisiseme uongo. Akafuta machozi kwa mkono wa gauni.

"Utakula mkate wa jana," akasema.