Nilitia Sahihi Kwamba Baba Yangu Amekufa

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na saba. Nina mke na watoto watano, na kazi yangu ni kupima kahawa katika ghala la wakulima hapa Mlowo. Shuleni nilikaa miaka miwili tu. Mengine yote nimejifundisha mwenyewe kwa kusoma kila karatasi iliyopita mbele yangu, na leo mtu wa huku akipata barua ya serikali huniletea nimsomee. Siyasemi haya kwa kujisifu. Laiti ningekuwa sijui hata kushika kalamu!

Wasomaji wenzangu, wengi wenu mna wazazi waliozeeka, na nyinyi ndio mnaowasemea maofisini. Nisikilizeni mimi niliyekwisha kuharibu.

Baba yangu ni Mnamwanga wa karibu na Tunduma. Nilipokuwa mdogo alivuka mpaka akaenda kwenye migodi ya shaba ya Rodesia ya Kaskazini, akachimba chini ya ardhi miaka kumi na minne. Katika kitabu cha kampuni aliandikwa kwa jina lake la ubatizo, Yotamu. Alirudi na baiskeli, na cherehani ya mama, na kikohozi.

Hakukaa sana nyumbani, kaka yake mkubwa, aliyeitwa Kaswiza, akafariki. Kwetu mwenye mji akifa, mji wake hauachwi wazi. Wazee humchagua ndugu wa kurithi jina lake. Huketishwa kwenye kigoda cha marehemu, huvikwa bangili yake, na tangu siku ile yeye ndiye marehemu. Watoto wa marehemu humwita baba, na mjane humjia na shida zake. Jina la zamani huachwa.

Baba ndiye aliyechaguliwa. Kodi alilipa kwa jina la Kaswiza, na hata kanisani, ingawa mchungaji alinung'unika kidogo mwanzoni, aliitwa Mzee Kaswiza. Mimi mwenyewe nilikaribia kusahau kwamba aliwahi kuitwa Yotamu.

Miaka ikapita, mama akafariki. Dada yangu Tabita, aliyefiwa na mumewe, akarudi kumtunza baba. Siku moja alinitumia salamu kwa dereva wa lori: Tata, ndivyo tumwitavyo baba, hawezi tena kufika kisimani, na analala ameketi, maana akilala chali hapati pumzi. Nilipofika nilimkuta amekonda mabega, anasimama kila baada ya hatua tano kama mtu anayesikiliza jambo. Alikuwa akiitafuta hewa tu...

Wakati huo nikapata habari kwamba kampuni ya migodi ina mpango kwa wachimbaji wa zamani walioharibiwa mapafu na vumbi. Mzee akikubaliwa hupewa kitanda hospitalini, dawa, na posho mpaka siku ya kufa. Ofisi ya kuandikisha ilikuwa pale pale Tunduma. Nilifurahi mno! Nikashona jalada, nikanakili kila barua mara mbili, nikaandika pembeni tarehe ya kila safari. Nilisema moyoni, kazi hii imempata mwenyewe.

Nilimpeleka baba. Karani wa ofisi ile alipekua kitabu chake, kisha akatikisa kichwa.

"Kaswiza hayumo. Wa kijiji hicho yumo Yotamu."

Nikamweleza habari ya kurithi jina. Alicheka mpaka akaweka kalamu chini. "Kwa hiyo, Bwana Mpimaji, mzee huyu ni watu wawili? Mmoja analipa kodi, mwingine anakohoa?"

Watu waliokaa kwenye benchi wakaangua kicheko. Baba hakucheka. Alimtazama yule karani akamwuliza kwa upole, "Wewe kijana, kwenu mwenye mji akifa, watoto wake mnawapa nani?"

Nami nilifanya nini? Niliona haya! Mimi msomaji wa vitabu, nikaona baba ananiaibisha kwa mambo ya kizamani mbele ya watu. Nikamshika mkono nikamwambia, "Tata, nyamaza, niachie mimi." Neno lile nalisikia hata leo.

Karani akatoa sharti. Baba alete barua ya chifu kwamba yeye ni Yotamu na kwamba jina la Kaswiza si lake, na vyeti vya kodi vibadilishwe vifuate barua hiyo. Nilidhani ni kazi ya wiki moja.

Chifu alikataa. Alisema jina lile si koti la kuvuliwa likatundikwa. Wazee walikaa kikao, nao wakakataa. Mjane wa marehemu alilia akaniuliza kama nataka kumzika mumewe mara ya pili. Na baba mwenyewe, huku anahema, alisema, "Watoto wa kaka yangu nitawaambia nini? Kwamba nimewauza kwa chupa ya dawa?"

Nikaenda bomani. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, hakunipokea, ila karani wake aliniambia mambo ya majina ni ya chifu. Chifu akasema mambo ya mgodi ni ya kampuni. Kampuni ikasema mambo ya kodi ni ya boma. Nikazunguka hivyo msimu mzima wa mvua! Jalada likanenepa, baba akakonda. Kila ofisi ilikuwa na haki kwa upande wake, na hakuna hata moja iliyosema uongo. Sasa mtu aliyefungiwa na watu wakweli atamlalamikia nani?

Tabita alinionya. Alisema, "Kaka, unatembea na Tata kwenye makaratasi kama gunia la kahawa. Umewahi kukaa naye ukamwuliza yeye anataka nini?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia apike uji, maofisi aniachie mimi.

Ndipo yule karani wa Tunduma aliponiita pembeni, nyuma ya ofisi. Alizungumza kama rafiki. "Bwana Mpimaji, unajichosha bure. Yotamu akiwa hai hupati kitu. Akiwa amekufa, fungu la marehemu hutoka upesi kwa mwanawe. Kaswiza wako unaye nyumbani, hakuna atakayemgusa. Tunafunga jina kitabuni, basi. Nani ataumia?"

Nilirudi Mlowo nikafikiri siku nne. Nikapima huku na huku kama nipimavyo kahawa. Jina la Yotamu halitumiki tena, nikasema. Wazee wenyewe wamelizika. Baba anahitaji joto na dawa sasa, si mwakani. Kila sababu niliyoitafuta niliipata... Lakini mbona sikumwambia mtu hata mmoja? Mbona sikumwambia Tabita? Mbona sikumwambia baba?

Siku ya tano nikarudi Tunduma nikatia sahihi. Maneno ya karatasi ile nayakumbuka yote: "Mimi, mwana wa Yotamu, ninaapa kwamba baba yangu amefariki na kwamba nimemzika." Niliandika vizuri, kwa mwandiko wangu wa kujifundisha, mpaka karani akausifu.

Fungu lilitoka, naye karani akachukua chake. Changu nilimnunulia baba mablanketi na dawa ya kifua, nikaezeka nyumba yake kwa bati ili asilale kwenye unyevu. Aliponiuliza nimepata wapi, nikasema kahawa imekuwa na bei nzuri. Akanibariki. Aliweka mkono wake juu ya kichwa changu, mimi mtu mzima mwenye mvi, akanibariki kwa uongo wangu!

Dawa ilikwisha. Mablanketi hayakuleta pumzi. Mvua zikarudi, na chini ya bati lile jipya baba alikohoa kuliko zamani.

Basi Jumapili moja ikatangazwa makanisani kwamba daktari wa mapafu, Mzungu, atakuja na mashine ya eksirei kwenye hospitali ya misheni ng'ambo ya mpaka. Wachimbaji wote wa zamani waende, hata wasio na vyeti, hata wenye majina yaliyobadilika, kwa sababu kampuni ilikuwa na alama za vidole vya kila mtu aliyewahi kushuka mgodini.

Alama za vidole! Kumbe njia ilikuwapo wakati wote. Baba angeweza kubaki Kaswiza na kutibiwa, kwa kidole chake tu. Karani hakuniambia, na mimi nisiyepitwa na karatasi sikuuliza. Laiti ningesubiri msimu mmoja tu!

Nilituma salamu upesi kwa Tabita kwamba Tata asipelekwe, kwamba daktari anataka vijana tu. Uongo juu ya uongo. Lakini Tabita alikuwa amekwisha kupata majirani wanne na machela. Nilipopata lori na kufika kule, baba alikuwa ameketi mbele ya daktari, shati limefunguliwa, na Tabita amesimama nyuma yake akitabasamu. Tabasamu lile sikuwa nimeliona tangu mumewe afariki.

Mkalimani alikuwa anasema, "Daktari anasema mapafu yako yamejaa vumbi la mgodi, mzee. Kitanda kipo. Utabaki leo hii hii."

Walikuwa wamepiga kidole wino, wakalinganisha, kikawa sawasawa. Kilichobaki ni kufungua kitabu cha kampuni. Daktari akafungua, akasoma, akasita. Akasoma tena. Kisha akamgeuzia mkalimani.

Mkalimani akasoma kwa sauti: Yotamu amefariki, amezikwa, ameapa mwanawe. Akalisoma na jina langu.

Tabita aligeuka akaniona mlangoni. Tabasamu likaondoka.

Daktari hakupaza sauti. Alisema, na mkalimani akafasiri, kwamba ikiwa mzee huyu ndiye Yotamu, basi aliyetia sahihi ameapa kwa uongo, na yeye daktari hana budi kumpeleka kwa polisi. Ikiwa siye, basi vidole vimefananishwa vibaya, na mzee arudi nyumbani. "Mzee, wewe ni nani?"

Kutoka mlangoni hadi kwenye kiti cha baba zilikuwa hatua nne. Nilizihesabu. Nilichotakiwa kufanya ni kupiga hatua nne na kusema, "Huyu ni Yotamu, nami ndiye niliyedanganya." Wasomaji, sikupiga hata moja! Niliwaza jela, nikawaza watoto wangu, nikawaza watu wa ghalani watakavyosema...

Baba alinitazama. Sikuona hasira. Alinitazama kama mtu anayesoma, yeye asiyejua kusoma, na akamaliza.

"Daktari," alisema, "kitabu chako hakina kosa. Yotamu alikufa. Mimi ni Kaswiza."

Mkalimani akamwambia kwamba vidole havisemi uongo. Baba akakohoa kwa muda mrefu, akafuta mdomo. "Vidole vimezeeka, mwanangu. Andika Kaswiza, twende zetu."

Nadhani daktari alielewa. Alinitazama mimi, akinipa nafasi. Sikuitumia. Akafunga kitabu. Mkalimani akasema polepole, "Basi, mzee, kitanda hiki kilikuwa cha Yotamu."

Walimbeba baba kurudi. Tabita alitembea upande wa pili wa machela asinitazame. Tulipopumzika njiani nilipiga magoti nikaanza kueleza, habari za karani, za fungu, za bati. Baba aliinua mkono.

"Ungeniuliza," alisema. "Pengine ningekataa. Lakini ungeniuliza."

Hakusema tena juu ya jambo lile. Aliishi wiki saba. Alikuwa akinipokea vizuri, akiuliza habari za wajukuu na za kahawa, na upole ule ulinikata kuliko matusi. Alifariki mchana, ameketi, mgongo umeegemea ukuta, mkono wake mikononi mwa Tabita. Mimi nilikuwa Mlowo, kwenye mizani.

Karani yule alihamishwa, sijui aliko. Simlaumu sana. Yeye alileta karatasi tu, sahihi ni yangu. Polisi hawakuja. Niko huru, natembea, napima kahawa, watu bado huniletea barua zao niwasomee. Lakini kila nikishika kalamu naona hatua nne zile. Je, kuna jela ndefu kuliko hii?

Ndugu zangu, mnaowasemea wazazi wenu, nawaomba. Msimwambie mzee anyamaze mbele ya karani, maana mwili ni wake na jina ni lake. Karatasi yoyote msiyoweza kumsomea kwa sauti, msiitie sahihi, hata kama ina faida, hata kama mmezunguka maofisi mpaka viatu vimeisha. Ulizeni tena, na kwa mtu mwingine, njia ambayo mtu mmoja amewaambia haipo. Na kama mmekwisha kukosea, semeni kitabu kingali wazi.

Kabla ya kutuma barua hii nilikwenda kwa Tabita, nikamsomea yote, tangu neno la kwanza. Alikuwa anachambua mahindi. Hakunikatiza. Nilipomaliza nilimwuliza kama kuna nililolikosea, au analotaka nilifute.

Akasema, "Hapana, kaka. Umesema vizuri. Kule hospitali ungesema hivi hivi."