Maganda Hayana Aibu

Kila asubuhi, kabla birika halijachemka, mimi huwa nimeshamenya viazi. Nina kisu changu kidogo chenye mpini wa mti. Ganda hutoka refu na jembamba, halikatiki, likajikunja ndani ya beseni kama utepe. Mjukuu wangu, binti wa miaka tisa, hulichukua akalivaa shingoni.

"Bibi, tazama mkufu wangu!"

"Vua, utachelewa shule. Na mwalimu atakuuliza kama umeolewa na kiazi."

Wakati ule tulikuwa wageni mjini. Mwanangu ni fundi umeme. Alipata kazi katika nchi ya kigeni, akatuhamisha sote: mkewe ambaye ni muuguzi, binti yao, na mimi. Tulikaa ghorofa ya tatu. Vyumba vilikuwa viwili, na jiko ambalo ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili.

Kule tulikotoka, maganda hayakunisumbua. Nyuma ya nyumba nilikuwa na mbuzi wawili, na mbuzi hachagui. Hata khanga ukiisahau kwenye kamba, anaionja. Lakini ghorofani utafuga mbuzi wapi? Basi nikafanya kama mama yangu alivyonifunza. Alikuwa akisema takataka ni siri ya nyumba. Jirani asijue ulichokula, wala asijue ulichokosa.

Kwa hiyo maganda niliyatia katika mfuko wa plastiki. Nikafunga fundo, nikafunga la pili juu yake, na ncha nikaichomeka ndani. Hata sisimizi asingepenya. Mifuko haikunipungukia, maana kila tulipotoka dukani tulirudi nayo minne, mitano. Niliishindilia chini ya sinki, mfuko mmoja umejaa mifuko.

Nyuma ya jengo letu palikuwa na uwanja wa udongo. Kulikuwa na matuta kumi na mawili ya mboga, na katikati sanduku kubwa la mbao lenye mfuniko. Wapangaji walimwaga humo mabaki ya jikoni, yakaoza, yakawa mbolea ya matuta. Hayo nilielezwa siku ya kwanza, lakini siku ya kwanza mtu anaelezwa mambo mengi. Nilishika kwamba maganda yanakwenda kwenye sanduku. Mengine yalinipita.

Msimamizi wa jengo alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye shada la funguo kiunoni. Sote tulimwita Mama Funguo. Wiki ya pili alinishika mkono akanipeleka uwanjani.

"Bibi, tuta hili halina mwenyewe. Panda unachopenda."

Niliinama nikauchota udongo kwa viganja viwili. Tangu tufike nilikuwa sijashika kitu ila saruji, kioo na plastiki. Sikuona haya, nililia kidogo. Kisha nikapanda nyanya. Kuanzia siku hiyo niliacha kumuuliza mwanangu tutarudi lini.

Miezi miwili ikapita. Jumamosi moja Mama Funguo akatuita wapangaji wote uwanjani. Hakuhitaji kutuonyesha njia. Harufu ilitulaki ngazini.

"Jamani," alisema, "mwenye nyumba ameandika barua. Anasema sanduku linanuka mpaka ofisini kwake. Ametupa miezi mitatu. Ikiisha, atakuja na fundi wa saruji. Akikuta harufu, sanduku linaondoka, matuta yanafukiwa, na hapa panakuwa maegesho ya magari."

Nikayatazama maua ya nyanya zangu.

Mama Funguo akachukua fimbo, akafungua mfuniko, akainua mfuko wa plastiki unaodondosha maji meusi. "Huu hapa ugonjwa wetu. Imo arobaini na zaidi. Nani anafunga maganda ndani ya plastiki?"

Macho yote yakamgeukia Mpiga Tarumbeta wa ghorofa ya chini. Maskini yule kijana mrefu alikuwa akifanya mazoezi kila jioni, na hakuna aliyemsamehe.

"Mimi?" akaruka. "Mimi hata sipiki! Nakula mkate!"

"Na mkate unauzwa ndani ya nini, kaka?" akauliza dada mmoja wa ghorofa ya kwanza. "Si mfuko?"

Watu wakacheka. "Ahame na tarumbeta lake," mwingine akadakia. "Tutapona masikio na pua kwa mkupuo mmoja."

Mama Funguo akaupasua mfuko kwa kisu. Likaanguka chini ganda la kiazi, refu, jembamba, halikukatika popote.

Mjukuu wangu akanivuta khanga. "Bibi," akaninong'oneza, "mkufu wangu."

Hakuna mwingine aliyesikia. Ningeweza kunyamaza. Nani angemshuku kikongwe aliyevaa khanga yake vizuri? Lakini nilimwona yule kijana amejikunyata, anatafuta pa kuweka mikono yake. Na mtoto alikuwa akinitazama.

"Mwacheni," nikasema. "Ni mimi."

Mama Funguo akakishusha kisu.

"Bibi, wewe?" akasema Mama Funguo.

"Fundo hilo langu, ganda hilo langu. Nilifunga ili nisiwachafulie. Mnisamehe. Na wewe mwanangu mwenye tarumbeta, nisamehe mara mbili."

Kijana akapumua. "Hamna neno, Bibi. Ningekuwa mimi, ganda lingekuwa nene hivi," akaonyesha unene wa kidole. Wakacheka, na safari hii hakuna aliyechekwa.

Jioni mwanangu alirudi na furaha. Mkononi alikuwa na mifuko mipya, ya kijani, imechorwa jani. "Mama, tatizo limekwisha! Hii ni ya mazingira."

Mkwe wangu aliigeuza huku na huku. "Mume wangu, hapa wamechora jani tu. Hawakuandika popote kwamba inaoza."

"Si ya kijani?"

"Hata kinyonga ni wa kijani."

Tukashuka kumuuliza Mama Funguo. Hakutuhutubia. Alileta makopo matatu, akayajaza udongo wenye unyevu.

"Bibi, katika kopo la kwanza fukia maganda ndani ya mfuko wako wa kawaida. La pili, ndani ya huu wa kijani. La tatu, yafunge kwenye gazeti. Tutafukua baada ya wiki sita. Ipo mifuko inayooza kweli, lakini mingi yake hutaka joto kali la kiwandani, na sanduku letu halilifikii. Lakini usiniamini mimi. Amini makopo."

Kesho yake tukaanza kazi. Tulivaa glavu, tukatoa mifuko yote, mmoja mmoja. Arobaini na saba! Kila fundo nililifungua mwenyewe. Ndani yake maganda hayakuwa yameoza vizuri. Yalikuwa uji mweusi unaonuka kama yai viza.

"Unaona, Bibi?" alisema Mama Funguo. "Maganda nayo yanataka hewa. Vijidudu vinavyogeuza ganda kuwa udongo vinapumua, kama sisi. Ukivifungia ndani, vinakufa, vinakuja vingine vinavyonuka."

"Kumbe nimewafungia wafanyakazi mlango."

"Tena kwa mafundo mawili!"

Akatufundisha kazi yenyewe. Ukimwaga mabaki mabichi, funika kwa vitu vikavu: majani makavu, au maboksi ya karatasi yaliyochanwachanwa. Yakiwa maji mno, ongeza vikavu. Yakikauka mno, nyunyiza maji kidogo. Kila wiki geuza kwa uma wa bustani ili hewa ipite. Tia maganda ya matunda na mboga, majani ya chai, maganda ya mayai yaliyopondwa. Usitie nyama, mifupa wala mafuta, maana utaita panya. Na plastiki, hapana, hata ya kijani.

"Nani atageuza kila wiki?" nikauliza. "Mgongo wangu umeshastaafu."

Mpiga Tarumbeta akainua mkono. "Mapafu ninayo, mikono ninayo."

"Na kelele unazo," akasema yule dada wa ghorofa ya kwanza. Lakini Jumamosi iliyofuata naye alikuja, na uma wake mwenyewe.

Nyumbani pia tulibadilika. Niliweka kopo la bati lenye mfuniko karibu na sinki. Chini natandika gazeti, linyonye maji. Kila jioni mjukuu wangu analishusha, anamwaga, anafunika kwa majani makavu, analisuuza kopo. Jikoni hapanuki. Dukani tukaanza kwenda na kikapu. Mwanangu mwanzoni alisahau. Siku moja alirudi na mifuko mitatu, mkwe wangu akamzuia mlangoni.

"Wageni hawa umewaalika wewe?"

"Wageni gani?"

"Hao watatu wa plastiki. Watakaa miaka mia nne, na chumba cha wageni hatuna."

Tangu siku hiyo kikapu kilining'inia kwenye kitasa cha mlango, na hakuna aliyeweza kutoka bila kugongana nacho.

Wiki ya sita tukafukua makopo. Watoto wa jengo zima walizunguka. Kopo la kwanza: mfuko mzima, fundo langu limekaa kama jana. Kopo la pili: mfuko wa kijani mzima, na jani lake bado linang'aa. Mwanangu akakuna kichwa. Kopo la tatu: Mama Funguo alichakura, akachakura tena.

"Gazeti liko wapi?" mjukuu wangu akauliza.

Tulipata vipande vichache vya karatasi, laini kama majani yaliyolowa, na nyungunyungu wawili wanene. Maganda hatukuyaona. Yalikuwa udongo.

Nikachota kiganja kimoja nikanusa. Kilinukia kama ardhi baada ya mvua ya kwanza. Nilikuwa nimeishi miaka sabini na moja, na somo hili nilikuwa silijui.

Kumbe palikuwa na jambo jingine. Pembeni ya sanduku, pale tulipokung'uta ile mifuko, mche uliota peke yake. Hakuna aliyeupanda. Ulitoka kwenye mbegu iliyokuwa ndani ya fundo langu mojawapo. Ulikuwa mche wa boga. Ulitambaa juu ya sanduku, ukapanda ukuta, ukazizunguka baiskeli mbili mpaka wenyewe wakakubali kutembea kwa miguu. Na ukazaa boga. Kila siku lilinenepa kana kwamba linasikia sifa zetu.

Ikafika siku ya mwenye nyumba. Wapangaji wote tulishuka. Mkwe wangu alikuja na sare yake ya kazi, moja kwa moja kutoka zamu. Mwenye nyumba aliingia na leso puani. Nyuma yake, fundi wa saruji alikuwa na futi ya chuma, tayari kupima sehemu za magari.

Akatembea mpaka katikati. Akasimama, akaegemea kichaka cha majani ya maboga. Akaiteremsha leso polepole.

"Sanduku mmeshaliondoa?" akauliza.

"Umeliegemea, mzee," akasema Mama Funguo.

Akaruka pembeni. Akalitazama. Nikafungua mfuniko mwenyewe, nikachota kiganja cha mbolea nyeusi, nikamnyooshea.

"Nusa, baba."

"Mimi? Hapana, Bibi."

"Nusa. Mimi ndiye niliyelinukisha. Kwa hiyo mimi ndiye ninayekukabidhi."

Akainama, akanusa. Akanusa tena. Uso wake ukalainika. "Shamba la mama yangu lilinukia hivi," akasema.

Fundi wa saruji alikuwa amesimama na futi yake mkononi. "Mzee, nipime au nisipime?"

Mwenye nyumba akazitazama nyanya zetu nyekundu, pilipili, na baiskeli zilizomezwa na majani. Kisha akaliona boga.

"Pima," akasema.

Fundi akaivuta futi yake.

"Pima boga hilo. Nataka kujua mzingo wake."

Fundi akapiga magoti, akalizungushia futi. "Mita moja na sentimita kumi na nne!"

Jengo lililipuka kwa vigelegele. Mpiga Tarumbeta alikimbia ndani akarudi na tarumbeta lake, akalipuliza mpaka madirisha ya mtaa wa pili yakafunguka. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyemwambia anyamaze. Yule dada wa ghorofa ya kwanza ndiye aliyeomba arudie. Mwenye nyumba aliichana barua yake vipande vidogo.

"Usitupe, mzee!" mjukuu wangu akapiga kelele. "Karatasi ni kikavu!"

Mwenye nyumba akafungua mfuniko, akavimwaga ndani mwenyewe.

Boga tulilipika siku ile ile, nyumba zote kumi na nne zikapata. Mbegu nilizianika dirishani, nikazigawa.

Mwezi uliofuata ilihamia familia mpya, ghorofa ya pili, wametoka mbali kama sisi. Asubuhi moja nilimkuta mama wa nyumba ile amesimama mbele ya sanduku. Alikuwa na mfuko wa plastiki, umefungwa kwa mafundo mawili, ncha imechomekwa ndani. Nikatabasamu. Nililijua fundo lile kama ninavyojijua.

"Mwanangu, karibu. Fungua, umwage wazi. Mfuko rudi nao, nitakupa kopo."

Akasita. Akatazama madirishani, akapunguza sauti. "Lakini Bibi, watu wataona maganda yangu."

"Waone, mwanangu," nikamwambia. "Maganda hayana aibu."

Akacheka. Akaanza kufungua.