Kinusamoshi cha Meli ya Zumaridi

Kinusamoshi, mashine bapa yenye ukubwa wa sahani, kilitambaa darini kwenye ujia wa daraja la chini, kikavuta hewa mlangoni pa chumba cha Bi Mwanasiti. Taa yake ikageuka nyekundu. Kufuli likajifunga, na pampu zikaanza kunyonya hewa ya chumbani ili moto ufe. Ndiyo sheria ya likizo katika meli ya Zumaridi: ukivuta sigara chumbani, mashine haikubembelezi.

Sigara gani? Bi Mwanasiti hakuwahi kushika sigara tangu azaliwe. Alikuwa ametoka kuoga, akatia udi kwenye chetezo afukize kanga zake, kama afanyavyo kila alasiri kwao Lamu.

Binti yake, Mhandisi Tatu Mbwana, alikuja mbio. Kinusamoshi alikibuni yeye. Ndani mama alikuwa akigonga mlango, na kila akigonga mkono ulizidi kulegea.

"Fungua," Tatu alimwambia Kileo, afisa wa usalama.

"Siwezi, Mhandisi. Mashine yenyewe ndiyo inayofungua, moshi ukiisha."

"Hewa ndiyo itakayoisha. Na mashine hiyo niliifundisha harufu ya udi mimi mwenyewe. Ilijua kwamba si sigara wala si moto."

Kileo akatazama viatu vyake. "Tuliufuta huo udi. Abiria wa daraja la juu walichoka kufungiwa kwa sababu ya sigara zao nene, na kumbukumbu ya mashine haikutosha kwa harufu zote mbili. Sasa ikizinusa sigara zile, inafungua milango na kuwasha feni, wasikereke."

Hasira zilimpanda Tatu. "Yaani anayevunja sheria anafunguliwa mlango, mama yangu ndiye anayekabwa? Hamna haya nyinyi."

Hakungoja jibu. Alipanda ngazi hadi baraza ya juu, akampokonya bwana mmoja sigara iliyokuwa ikiwaka, wala hakumwomba radhi. Aliporudi, hakuna aliyekuwa akigonga tena. Akavuta, akapaliwa, akavuta tena, akaupuliza moshi kwenye pua ya mashine.

Taa ikageuka kijani. "Karibu, mheshimiwa," mashine ikasema kwa sauti laini, na mlango ukafunguka.

Bi Mwanasiti alikuwa sakafuni, akiitafuta pumzi. Tatu akampakata kichwa. Mama akafumbua macho, akanusa, akakunja uso.

"Tatu, hata wewe unavuta?"

Tatu akaizima sigara sakafuni. Juu yao kinusamoshi kilisogea taratibu, kikamtakia Tatu likizo njema.